Kabla Hujaitupa, Igeuze

Hotuba hii ya kufufua patasi kuukuu, chuma cha seremala cha kuchongea na kutobolea mbao, niliitoa Jumamosi asubuhi mbele ya mafundi seremala na wanagenzi wao hapa Moshi mjini. Wengi hawakufika, wengine wakiwa msibani na wengine kwenye kazi za watu, wakaniomba niiandike. Nimeiandika kama nilivyoisema.

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Mama zangu mliotuchemshia chai tangu alfajiri, Mungu awabariki.

Mnaona nilichoshika? Mlio nyuma, simameni kidogo mkione. Ni kipande cha chuma, hakifiki shibiri moja. Kimejaa kutu, hakina mpini, na huku juu kimefumuka kama uyoga kwa kupigwa nyundo ya chuma miaka nenda miaka rudi. Nimekipata Kiboriloni siku ya soko, wiki mbili zilizopita. Kijana wa chuma chakavu alikuwa anakipeleka kwenye mzani, kikiwa kwenye gunia moja na springi za gari na sufuria zilizotoboka. Nikamwuliza, "Mwanangu, unajua hiki ni nini?" Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mama, si chuma tu?" Akanipimia kwa kilo, nikalipa, akaenda zake.

Simlaumu. Kabla ya gunia lile, patasi hii ilikuwa ya fundi. Kabla ya yule kijana, kuna mtu kama mimi au wewe aliyeitazama akasema imekwisha. Huyo ndiye ninayetaka kuzungumza naye leo, na pengine amekaa humu ndani.

Nilipofika nyumbani niliigeuza. Nikatia mate kwenye kidole gumba, nikasugua hapa karibu na shingo, nikasugua tena. Zikatokea alama ndogo mbili za mviringo, zimeungana kwa vikonyo vyake. Cheri mbili. Wazee, mnaijua alama hii? Naona Mzee wangu pale anatabasamu. Ndiyo, ni Kirschen ya Remscheid, Ujerumani. Neno lenyewe kwa Kijerumani ni cheri. Ni chuma kilichofuliwa, kikakazwa kwa moto, chenye kaboni ya kutosha kushika makali siku nzima ndani ya mninga. Na mimi nimekinunua kwa bei ya sufuria iliyotoboka.

Kwa hiyo naanza na ombi moja, nitalirudia mpaka mnichoke. Kabla hujaitupa, igeuze.

Igeuze usome. Zana hizi zilikuja kwetu kwa njia nyingi. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Baada ya hapo ni mashamba ya kahawa, ni maghala, ni shule, ni makanisa, na kila mlango na kila kenchi ilidai patasi. Sisemi hii niliyoshika ilishuka kwenye treni ya kwanza, kwa sababu alama ya cheri ipo sokoni hadi leo. Ninachosema ni kwamba mji huu umejengwa kwa patasi kwa zaidi ya miaka mia moja, na zilizoujenga hazikuyeyuka. Ziko darini, ziko chini ya vitanda vya babu zetu, ziko kwenye magunia.

Ukikuta samaki papa amechongwa kwenye chuma, shika hapo hapo: hiyo ni E. A. Berg ya Eskilstuna, Sweden. Ukikuta Marples, hiyo ni ya Sheffield, Uingereza, kazi iliyoanza mwaka 1828. Na ukikuta maneno "CAST STEEL", usidanganyike. Nimeona fundi mzima akisoma maneno hayo akaitupa, akidhani ni chuma cha kusubu, kile kinachopasuka kikianguka sakafuni. Sivyo. Miaka ya 1740 mtengeneza saa mmoja aitwaye Benjamin Huntsman alichoshwa na springi mbovu, akabuni njia ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya chungu cha udongo mpaka kikawa cha aina moja kote. Sheffield ikapata jina lake kwa chuma kile, na maneno hayo mawili yanakwambia umeshika kitu cha ukoo huo. Zile za zamani zaidi utakuta zimeunganishwa chuma cha aina mbili: kigumu chembamba upande wa mgongo, ule ulio bapa, laini kinene juu yake. Ukiinoa utauona mstari wa mpaka wao ukipita kwenye mteremko wa makali, ule upande uliosagwa kwa kuinama. Mimi kila nikiuona mstari ule nasimama kwanza. Mtu aliviunganisha vyuma viwili kwa moto na nyundo, na vimeshikana mpaka leo.

Sasa kutu. Hapa nitapita haraka, kwa sababu kutu ndiyo inayowatisha watu kuliko yote, na ndiyo rahisi kuliko yote. Loweka kwenye siki usiku mmoja. Asubuhi sugua kwa brashi ya waya, suuza, kisha chovya kwenye maji yenye magadi, haya haya ya Ziwa Natron tunayopikia makande, ili ukali wa siki ufe. Kausha hapo hapo juani, pangusa mafuta. Basi. Usichukue msasa mkali ukasugua uso mpaka ung'ae kama sahani ya harusi. Utafuta jina. Na ukishafuta jina, fundi atakayeishika baada yako atasoma nini? Uso wa patasi ukibaki mweusi haudhuru kazi hata kidogo. Vishimo vya kutu vikiwa usoni, viache. Vikiwa mgongoni karibu na makali, hapo kuna kazi, na nitaifikia.

Maana kitu kinachoua patasi ni moto.

Naomba mnisikilize vizuri hapa. Baba yangu alikuwa seremala Kibosho, fundi wa milango na mabenchi ya kanisa. Mwaka 1981 nilikuwa na miaka 18, ndiyo nimeanza kuaminiwa kugusa zana zake. Siku moja alikwenda Arusha kupima kazi, akaniachia patasi yake ya nusu inchi. Akasema, "Inoe, kesho tunatoboa matundu ya kitasa." Ilikuwa na pengo kwenye makali, kama jino lililovunjika. Nikaanza kwenye kinoo. Nikasugua saa nzima, pengo halikwisha. Mkono ukachoka, na jua linakwenda. Nikakumbuka barabarani kuna mtu wa kuchomelea, ana grainda, ile mashine ya kusagia chuma. Nikaenda. Dakika mbili tu, pengo limekwisha. Cheche zilikuwa nzuri kutazama. Na ncha ya patasi ikageuka rangi, ikawa na buluu nzuri kama shingo ya tausi. Nilidhani nimeipamba.

Kesho yake Baba akaiweka kwenye mninga, akapiga mara tatu. Makali yakakunjika kama karatasi ya sigara. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Hakupaza sauti. Akasema, "Umeiua, lakini haijazikwa." Kisha akanikalisha chini, akanieleza jambo ambalo nawaeleza nanyi.

Chuma cha patasi kimepewa ugumu wake kwa moto uliopimwa. Ukikipasha tena, kinakuonyesha rangi hatua kwa hatua. Kwanza njano ya majani makavu, hapo ni kama digrii 220 au 230. Halafu kahawia. Halafu zambarau. Halafu buluu, hapo umekaribia digrii 300. Ukifika buluu, ugumu wa kukata mbao umeondoka, na hata ukimwagia maji haurudi. Wangapi humu mmeona buluu ile mkaendelea kusaga? Inueni mikono, msiogope. Mnaona? Ni wengi. Halafu tunasema patasi za siku hizi hazishiki makali! Zipo mbovu, ni kweli, chuma laini kilichopakwa rangi ya kung'aa. Lakini nyingine ni nzuri na tumeziua wenyewe.

Dawa yake ni ipi? Kama buluu imeingia kidogo, iondoe yote. Ile ya Baba ilikuwa kama milimita 4. Aliniamuru niiondoe kwa mkono, kwenye kinoo kigumu, bila mashine. Nilianza saa nane mchana, nikamaliza giza likiingia. Siku ile nililia kwa mkono kuuma. Leo nashukuru, kwa sababu kila ninapotaka kuharakisha, bega langu la kulia linanikumbusha.

Kama buluu imeingia ndani sana, mpelekee mfua chuma. Sisi watu wa Kilimanjaro tunao, tangu enzi za mababu, pale Mamba upande wa Marangu. Yeye ataiweka kwenye mkaa na mivukuto mpaka iwe nyekundu. Utajuaje imefika? Isogeze kwenye sumaku. Chuma kikifika kama digrii 770 sumaku haikishiki tena. Kizidishe moto kidogo tu kupita hapo, kisha kitumbukize kwenye mafuta. Sasa ni kigumu kama kioo, na kama kioo kitavunjika, kwa hiyo kisafishe na ukipashe tena taratibu, digrii 200 na kidogo, mpaka uione ile njano ya majani makavu. Hapo simama. Nimeona patasi mbili zikifufuliwa hivyo kwa macho yangu.

Na kama ni lazima utumie mashine, basi jiwe liwe la kuzungushwa kwa mkono au la mwendo mdogo, ndoo ya maji iwe gotini, na vidole vyako viwe vitupu karibu kabisa na makali. Vidole ndivyo kipimajoto chako. Vikisikia joto, chovya. Usingoje maji yachemke juu ya chuma; yakichemka umeshachelewa. Mteremko wa makali uwe digrii 25, na pale kwenye ncha kabisa unapomalizia kwenye kinoo, 30. Patasi ya kupigwa nyundo kwenye matundu ya mbao ngumu, iongezee kidogo, ifike 35.

Nimesema nitafikia mgongo. Igeuze tena.

Vijana wengi wananoa upande mmoja tu, ule wenye mteremko. Mwanagenzi wangu mmoja alikaa siku mbili na fremu ya mlango. Ulimi, ile ncha ya mbao inayoingia ndani ya mbao nyingine, haukai kwenye tundu. Akikaza, unapinda, akilegeza, unacheza. Alikuwa ananiambia, "Mama fundi, mbao imejikunja." Nikachukua patasi yake, nikaigeuza, nikailaza mgongo juu ya kipande cha kioo cha dirisha. Ikayumba kama mtumbwi. Fundi aliyekuwa nayo kabla yake alikuwa akiinua mkono kidogo kila anapoondoa ule uzi wa chuma unaobaki ukishanoa, mwaka baada ya mwaka, mpaka mgongo ukawa mviringo. Sasa niambieni: patasi yenye mgongo wa mviringo itakataje ukuta ulionyooka? Inaongozwa na nini? Mgongo ndio rula ya patasi. Mkono unafuata mgongo.

Tukabandika msasa juu ya kioo, namba 80, halafu 120, 240, 400. Tukasugua mgongo peke yake, umelala kabisa, mpaka mikwaruzo ikafika kwenye makali pande zote. Huhitaji kunyoosha urefu wote, sentimita 3 au 4 za mbele zinatosha kuanzia. Tukamalizia kwenye kinoo laini, kisha mkanda wa ngozi. Ilituchukua asubuhi nzima. Mchana ule ule ulimi ukaingia kwenye tundu kwa kusukumwa na kiganja, ukatoa ule mlio mdogo wa hewa inayotoka. Mnaujua mlio ule. Kijana alicheka peke yake.

Sasa nifike kwenye mpini, na hapa mtanivumilia, kwa sababu mimi napenda mpini kuliko chuma.

Chuma kilitoka Remscheid, kilitoka Sheffield. Mpini wa asili ulikuwa wa miti ya kwao huko. Ulishaoza, umepasuka, umeliwa na mchwa. Mpini mpya utatoka wapi? Utatoka kihambani kwako, kwenye shamba la nyumbani. Patasi ya ng'ambo inakuwa ya Kilimanjaro siku unapoitia mpini.

Miaka ya nyuma nilimtengenezea fundi mmoja mipini sita ya mgrevilea. Mti ulikuwa umeanguka kwenye kahawa yetu, mbao zake nzuri, zina yale madoadoa kama manyoya ya kanga. Nikaona vyema. Haikupita miezi miwili akairudisha minne imepasuka kutoka juu mpaka kwenye pete ya shingoni. Kosa lilikuwa langu. Mgrevilea ni mti mzuri wa kabati, lakini si wa kupigwa kichwani. Nikarudi kwa mama yangu mzazi, nikamsimulia. Akanitazama akasema, "Jembe langu lina mpini wa nini?" Mpera. Jembe lile alilima nalo tangu nikiwa mtoto.

Basi nikakata matawi ya mpera wetu, yale yaliyohitaji kupogolewa, unene wa kifundo cha mkono. Nikapaka nta kwenye ncha zote mbili ili yasipasuke kwa kukauka haraka, nikayaweka darini juu ya jiko la kuni la mama. Yakakaa kwenye moshi miaka miwili. Nilipoyachonga yalikuwa mazito, ya rangi ya chai ya maziwa, na randa ikipita inaacha uso kama umeshapakwa mafuta. Mipini ile bado inafanya kazi. Mzeituni mwitu nao ni hodari, ule ambao Wamasai wanauita oloirien na kufukizia vibuyu vya maziwa. Lakini ndugu zangu, tafadhali, msiende kukata msituni. Msitu wa mlima wetu uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, na hata usingeingizwa, mti mzima kwa mpini mmoja ni aibu. Pogoa vya kwako. Omba kwa jirani. Mpini unahitaji kipande cha shibiri moja tu.

Ukipata kipande, kigeuze. Ndiyo, hata hicho. Tazama kichwani, tazama ubavuni. Nyuzi za mti zipite moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Zikitokea ubavuni katikati ya mpini, hapo ndipo utakapovunjika, hata mti uwe hodari kiasi gani.

Kufunga kwake kunategemea patasi. Ziko zenye mkia unaoingia ndani ya mpini. Hizo toboa tundu kwa hatua, pana juu na jembamba chini, ufuate umbo la mkia, na usisahau pete ya chuma shingoni. Mimi nakata ya bomba la shaba kuukuu. Wazee walikuwa wakipasha mkia moto na kuuchoma ndani ya mti. Ni njia nzuri, unabana sana, ila makali yafunge kwa kitambaa chenye maji mengi, maana tumeshazungumza habari za moto. Ziko nyingine zenye mdomo kama kikombe, na mpini ndio unaoingia ndani ya chuma. Hizo paka mkaa ndani ya kikombe, ingiza mpini, uzungushe, utoe. Palipochafuka ndipo panapogusa. Chonga hapo tu. Rudia mara kumi, mara ishirini, mpaka uchafuke kote. Na acha nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya bega la mpini na mdomo wa chuma, ili kila pigo liukaze zaidi badala ya kuupasua. Kichwani weka kipande cha ngozi.

Kisha paka mafuta ya kitani, mara moja kwa siku kwa wiki nzima, halafu nta ya nyuki. Vanishi iacheni kwa makabati. Vanishi inateleza kiganjani, na ikibanduka inaleta malengelenge. Nta hiyo hiyo pangusa kwenye chuma kabla ya masika. Ikifika Aprili, mnajua wenyewe hewa ya Moshi inavyofanya chuma kilicholala wiki moja bila kuguswa.

Na baada ya yote haya, nitakuona unachukua nyundo ya chuma kuipiga? Nani aliifumua hii kama uyoga? Ni sisi. Tengeneza nyundo ya mbao. Kipande cha mninga na mpini wa huo huo mpera, kazi ya nusu siku. Naomba kila mwenye karakana humu ndani asimwachie mwanagenzi patasi kabla hajamwona na nyundo yake ya mbao.

Najua kuna mtu anajiuliza, "Mama, muda huo wote nitautoa wapi? Mteja anataka kitanda Ijumaa." Ni swali la haki. Mimi pia nina wateja, nina watoto niliowasomesha kwa benchi hili. Nakujibu hivi: patasi ya Baba ya nusu inchi, ile niliyoiua mwaka 1981, imepungua sasa, imebaki kama vidole vitatu vya chuma mbele ya shingo. Mpini wake ni wa nne. Jana nilitobolea matundu ya bawaba, milango miwili. Siku mbili tatu za kuifufua, gawanya kwa miaka hiyo yote uniambie ni hasara gani.

Sitaendelea kusema. Kule nje kwenye kivuli kuna ndoo tatu: moja ya siki, moja ya maji ya magadi, moja ya maji safi. Kuna vioo vinne na msasa wa kutosha. Matawi ya mpera makavu ninayo kumi na mawili, wa kwanza kufika ndio watakaopata. Niliwaomba kila mmoja aje na patasi aliyokuwa anataka kuitupa, na naona mmekuja nazo.

Wewe kijana wa shati la kijani, umeikumbatia hiyo yako tangu nilipoanza kuzungumza. Hebu njoo hapa mbele. Usione haya, mwanangu. Igeuze, tusome.